Asilimia ya Nini?

Binti yangu yuko darasa la sita, na kila jioni, vyombo vikishaondolewa mezani, huja na daftari lake la hisabati akakaa upande wangu. Wiki iliyopita aliniletea fumbo hili: bei ya sare ya shule ilipunguzwa kwa asilimia 20 ikawa shilingi 24,000, je, kabla ya kupunguzwa ilikuwa shilingi ngapi? Alikuwa amekwisha kulijibu. Alitafuta asilimia 20 ya 24,000, akapata 4,800, akaijumlisha, akaandika 28,800 na kuipigia mistari miwili kwa rula, kama wanavyofundishwa kufanya wanapokuwa na hakika. "Baba, nimepatia?" Sikumjibu. Nilimwambia aichukue hiyo 28,800, aipunguzie asilimia 20, kisha aone kama atarudi kwenye 24,000. Akakokotoa pembeni kwa penseli, akapata 23,040, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezichukua hizo shilingi 960 zilizopungua.

Hakuna mahali alipokosea kuzidisha wala kujumlisha. Kilichomponyoka ni kwamba ile asilimia 20 ilikatwa kwenye bei ya zamani, bei ambayo haionekani katika swali, naye akaitafuta kwenye bei mpya kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho yake. Bei ya zamani ni sehemu 100. Ukiondoa 20 zinabaki 80, na hizo 80 ndizo shilingi 24,000. Kwa hiyo sehemu moja ni shilingi 300, na sehemu 100 ni shilingi 30,000. Akalijaribu jibu hilo kwenda mbele na kurudi nyuma, likakubali, akafuta mistari yake miwili kwa kifutio.

Sisi tuliosoma shule za msingi Tanzania tuliimbishwa MAGAZIJUTO mpaka ikakaa kichwani kama jina la mtaa: mabano kwanza, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, na mwisho kutoa. Ni kanuni nzuri kwa hesabu ambayo tayari imeandikwa. Fumbo, kwa upande wake, linakuja kwa maneno, na maneno hayakuambii kipi kigawanywe kwa kipi. Nimekaa na hesabu za watu kwa miaka kadhaa sasa, za kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), za harusi, za misiba, na ninaweza kusema kwamba karibu ugomvi wote niliouona juu ya namba haukutokana na mtu kushindwa kugawanya, bali ulitokana na watu wawili waliogawanya vizuri kabisa, kila mmoja kwa namba yake. Katika sehemu, namba ya juu tunaiita kiasi na ya chini tunaiita asili. Kiasi ndicho kinachotajwa kwa sauti. Asili mara nyingi hunyamaziwa. Hata neno asilimia lenyewe, ukilipasua, utaikuta asili imekaa mwanzoni na mia ikifuata.

Nisimcheke mtoto, kwa maana kosa lake hilohilo nimelifanya nikiwa mtu mzima, tena mbele ya watu. Nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mpwa wangu. Mwenye maturubai na viti wa kwanza alituletea ankara ya shilingi 590,000, kodi ikiwa ndani. Wa pili akatuambia bei yake ni 490,000, kodi bado haijaongezwa. Kamati ikataka zilinganishwe zote mbili bila kodi. Kiwango cha kawaida cha VAT kwa Tanzania Bara ni asilimia 18, basi nikatoa simu, nikatafuta asilimia 18 ya 590,000, nikapata 106,200, nikaitoa, nikatangaza kwa kujiamini kwamba bei halisi ya yule wa kwanza ni 483,800, yaani ni nafuu kuliko ya mwenzake. Tukamchukua yeye. Siku ya tatu yake shangazi yangu, ambaye ameuza duka zaidi ya miaka 30, aliiomba ile ankara, akaitazama, akasema taratibu: "Mwanangu, kodi iliwekwa juu ya bei. Wewe umeitoa kwenye jumla."

Alikuwa sahihi. Muuzaji alianza na bei yake, akaiita 100, akaongeza 18, ikawa 118. Shilingi 590,000 ndizo hizo 118. Ukigawanya utapata 5,000 kwa kila sehemu, bei yenyewe ikiwa 500,000 na kodi 90,000. Yule wa pili, hata angeongeza kodi yake yote, angefikia 578,200. Kwa ujuzi wangu wa simu, kamati ililipa shilingi 11,800 za ziada, ambazo nilizitoa mfukoni mwangu kimyakimya. Tangu siku hiyo, kila niletewapo risiti yenye kodi ndani, mimi hugawanya kwa 118 kabla sijafungua mdomo.

Lakini mahali niliposomea zaidi ni kwenye kikoba. Kikoba chetu kina wanachama 31, sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo zinazolala katika nyumba tatu tofauti. Hisa moja ni shilingi 5,000. Mwaka wetu wa kwanza, siku ya kuvunja kikoba, tulikuwa na hisa 1,240 na sandukuni mkiwa na shilingi 9,548,000, mikopo yote ikiwa imerudi. Hisa 1,240 mara 5,000 ni 6,200,000, ndio mtaji wa wanachama wenyewe. Iliyobaki, shilingi 3,348,000, ni faida. Faida kugawanya kwa hisa ni 2,700 kamili kwa kila hisa, na nilipoona imegawanyika bila baki nilifurahi kama mtoto, nikadhani hesabu isiyo na baki haiwezi kuleta maneno.

Maneno yakaja. Mama mmoja anayeuza samaki alikuwa na hisa 40, zote alizinunua mwezi Januari, akiba yake ya msimu mzima. Kijana mmoja wa bodaboda naye alikuwa na hisa 40, lakini alizinunua kwa mkupuo mwanzoni mwa Oktoba. Kila mmoja wao alipokea faida ya shilingi 108,000. Yule mama alizihesabu noti zake, akazihesabu tena, akazitia kwenye kona ya kanga na kuifunga fundo, kisha akaniuliza: "Mweka hazina, pesa yangu imelala humu mwaka mzima, yake imelala miezi mitatu. Mbona zimeamka sawa?"

Nilimjibu kwa katiba ya kikundi, inayosema faida hugawanywa kwa hisa, na kwa katiba nilikuwa sawa. Kwa haki alikuwa sawa yeye. Faida ya kikoba haitokani na hisa kuwepo tu kwenye daftari. Inatokana na pesa kukopwa, na pesa ya Januari ilikwisha kukopwa na kurudi mara kadhaa kabla ya pesa ya Oktoba kuingia mlangoni. Kama tungegawanya kwa hisa na muda kwa pamoja, hisa zake 40 mara miezi 12 ni 480, na za kijana 40 mara miezi 3 ni 120. Tukiwachukua hao wawili peke yao na shilingi 216,000 zao, uwiano ni 4 kwa 1: mama angepata 172,800 na kijana 43,200. Hisa ni zilezile na pesa ni ileile, ila asili imebadilika kutoka hisa kuwa hisa zilizopimwa kwa miezi.

Tulijadiliana vikao viwili kama tuanze kuhesabu hivyo. Nilipinga, ingawa ndiyo hesabu ya haki zaidi, kwa sababu kikundi ambacho nusu ya wanachama wake hawawezi kuikagua hesabu ya mweka hazina wao kinakaribisha wizi, hata kama mweka hazina wa leo si mwizi. Tulichofanya ni kuweka kikomo cha hisa 5 kwa mtu kwa kila kikao, kama ambavyo vikundi vingi hufanya tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikidhani kikomo kile kipo ili matajiri wasiwameze maskini, na kwa kiasi fulani ni kweli, lakini kazi yake nyingine ni kumlazimisha kila mtu aweke pesa zake kidogokidogo mwaka mzima, ili kugawanya kwa hisa kusitofautiane mno na kugawanya kwa hisa na muda.

Katika kimojawapo cha vikao hivyo mwenyekiti alitaka kutangaza kwamba mwanachama wa kawaida wa kikoba chetu ana hisa 40, kwa kuwa 1,240 kugawanya kwa 31 ni 40 kamili. Nilimwomba anipe dakika mbili. Niliyaandika majina kuanzia mwenye hisa chache hadi mwenye nyingi, nikahesabu hadi mtu wa 16, ambaye ana watu 15 chini yake na 15 juu yake, nikakuta ana hisa 26. Wanachama watatu walikuwa na hisa 180, 150 na 130, jumla 460, na hao watatu ndio waliouvuta wastani juu. Wale 28 waliobaki waligawana hisa 780, ambazo ni pungufu kidogo ya 28 kwa mtu. Wastani wa 40 haukuwa uongo. Ulikuwa jibu la swali lingine: kama hisa zote zingemwagwa chini zikagawanywa sawasawa, kila mtu angeokota ngapi? Anayetaka kujua mtu wa kawaida anasimama wapi ni afadhali awapange watu kwenye mstari na kumtafuta wa katikati. Mishahara, ukubwa wa mashamba, kodi za nyumba, vyote vina watatu kama wale wetu.

Kuhusu mikopo nitasema kwa kirefu, maana hapo ndipo asili hubadilika huku macho yakitazama. Mkopo wetu ulikuwa na riba ya asilimia 10 kwa mwezi. (Wapo miongoni mwetu wasiopenda kulitamka neno riba, wanaiita ongezeko, nawaheshimu, ingawa namba haijali inaitwaje.) Dada mmoja alikopa 300,000 kwa miezi mitatu. Kila mwezi alirudisha 100,000 ya deni na 30,000 ya riba, jumla 130,000, na mwisho wa miezi mitatu alikuwa amelipa riba ya 90,000. Kila mtu aliona ni sawa: asilimia 10 ya 300,000 ni 30,000, mara tatu.

Sasa tazama deni lenyewe. Mwezi wa kwanza alishika 300,000 za kikundi, na 30,000 ni asilimia 10 yake. Mwezi wa pili alikuwa amebaki na 200,000 tu mkononi, lakini alilipa 30,000 zilezile, ambazo sasa ni asilimia 15. Mwezi wa tatu alishika 100,000 na kulipa 30,000, asilimia 30. Kwenye daftari imeandikwa asilimia 10 mara tatu kwa mwandiko wangu mwenyewe, na hakuna aliyedanganya, kwa kuwa kila mara tuligawanya kwa 300,000 hata pale 300,000 zilipokuwa hazipo tena. Kama riba ingefuata salio, angelipa 30,000, kisha 20,000, kisha 10,000, jumla 60,000. Tofauti ni 30,000, na kwa mtu anayekaanga mihogo kwa mtaji wa 300,000 hiyo si pesa ya kupuuza. Ukienda kukopa popote, uliza swali moja kabla ya kuuliza kiwango: riba hii inahesabiwa kwenye mkopo wa mwanzo au kwenye salio? Mkopo wa asilimia 12 kwenye salio unaweza kuwa nafuu kuliko wa asilimia 10 kwenye mkopo wa mwanzo. Kwa huyu dada, 12 kwenye salio ingekuwa 36,000, na 24,000, na 12,000, jumla 72,000, bado chini ya 90,000. Sisi tulihamia kwenye salio mwaka wa pili. Faida ya kikundi ilipungua kwa kila mkopo, na watu wakakopa zaidi.

Jambo hilihili la asili inayotembea linaonekana hata kwenye namba za taifa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923 Tanzania, na ile ya 2022 ikahesabu 61,741,120. Ongezeko ni 16,812,197, ambalo ni kama asilimia 37.4 ya idadi ya 2012. Wengi huigawanya 37.4 kwa miaka 10 wakasema tunakua kwa asilimia 3.7 kila mwaka, halafu wakashangaa kuona kiwango kilichotangazwa ni asilimia 3.2. Hakuna aliyepunjwa. Asilimia ya kila mwaka hupigwa kwenye watu waliokuwepo mwaka huo, wakiwemo waliozaliwa baada ya sensa iliyopita: asilimia 3.2 ya mwaka 2012 ni watu wapatao milioni 1.4, na asilimia 3.2 ileile ya mwaka 2022 inakaribia milioni 2. Ukiizidisha hatua kwa hatua mara kumi utafika kama 61,560,000, karibu na idadi ya sensa, lakini ukiongeza 3.7 kila mara, kila mwaka juu ya mwaka uliotangulia, utapita mbali.

Kuna namna nyingine ambayo asili hujificha, nayo niliigundua ndani ya daladala nikiwa nimesimama mguu mmoja. Nilimsikia konda akimlalamikia mwenzake kwamba siku hizi gari linakwenda tupu, nami nilikuwa nimebanwa na bega la mtu na ndoo ya mtu mwingine. Nilitaka kucheka, kisha nikafanya hesabu kichwani. Tuseme gari lina safari mbili: ya asubuhi ina abiria 40, ya mchana ina abiria 10. Kwa konda, anayehesabu kwa safari, wastani ni 25, na gari kweli lina nafasi. Lakini waulize abiria wote 50 walikuwa wangapi garini: 40 watasema 40, na 10 watasema 10. Jumla ya majibu yao ni 1,600 na 100, yaani 1,700, kugawanya kwa 50 ni 34. Konda na abiria wametazama gari lilelile siku ileile, na wote wamesema kweli, isipokuwa mmoja amegawanya kwa safari na mwingine kwa watu. Ndivyo inavyokuwa mwalimu mkuu anaposema darasa moja lina wastani wa wanafunzi fulani huku wazazi wengi wakiona madarasa ya watoto wao yamejaa kupita hapo: darasa kubwa lina wazazi wengi wa kulalamika.

Neno hili asili lilinirudia kwa namna ambayo sikuitarajia, barazani, alasiri moja ambapo maalim mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akiwafundisha vijana hesabu za mirathi. Nilisogea kusikiliza kwa sababu niliona chaki. Alisema kwamba katika elimu ya mirathi namba ya chini ambayo mafungu yote huingia huitwa kwa Kiarabu asl al-mas'ala, asili ya swali, na ndipo nikajua neno la daftari la binti yangu limetoka wapi. Kisha akawapa fumbo. Mwanamke amefariki, hakuacha mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wawili wana theluthi mbili. Akaandika ubaoni asili 6: mume mafungu 3, dada mafungu 4. Vijana wakatulia. Mafungu 7 katika 6.

Mmoja akasema labda mume apunguzwe. Mwingine akasema labda dada mmoja asubiri. Maalim akatikisa kichwa, akaifuta ile 6 kwa kidole gumba na kuandika 7 mahali pake, bila kugusa 3 wala 4. Akasema hiyo inaitwa aul, na kwamba inapokewa kuwa ilianza kuamuliwa hivyo zama za Khalifa Umar, na ndivyo zinavyofuata madhehebu ya Sunni. Ikiwa mali ni shilingi 8,400,000, basi kila fungu ni 1,200,000. Mume anachukua 3,600,000, na dada 4,800,000, kila mmoja 2,400,000.

Nilirudi nyumbani nikiwa naihesabu njiani. Nusu kamili ya mume ingekuwa 4,200,000, kwa hiyo amepungukiwa 600,000, ambayo ni sehemu moja katika 7 ya haki yake. Theluthi mbili za dada zingekuwa 5,600,000; wamepungukiwa 800,000, nayo ni sehemu moja katika 7. Nilipofika nilimwita binti yangu, nikamwandikia fumbo lile nyuma ya daftari lake bila kumwambia jibu, akakaa nalo mpaka saa tatu za usiku, akaja chumbani kuniambia kwamba mwalimu aliyelitunga amekosea kujumlisha.